UZI: Christy Clark, waziri mkuu wa British Columbia aliyeshinda mkoa mzima akaangushwa jimboni kwake

Mpekuzi wa Masanduku

Wakuu, habari za jioni. Humu siasa za Kanada zikitajwa, mjadala unaishia Ottawa, makao makuu ya nchi: Trudeau alivyong'atuka, Carney alivyoingia, basi. Lakini shule, hospitali, misitu na barabara za kule ziko mikononi mwa mikoa, na kila mkoa una bunge lake na waziri mkuu wake. Leo nawaletea Christy Clark, aliyeongoza British Columbia, mkoa wa pwani ya Pasifiki, kuanzia Machi 2011 hadi Julai 2017. Kama alikuwa mzuri au mbaya, sitaki tugombane sana. Nataka tufuate kura zake moja baada ya nyingine, maana sijaona mwanasiasa mwenye matokeo ya ajabu kama yake.

Tuelewane kwanza. Nikisema mkoa ni British Columbia yote, nikisema jimbo ni jimbo la uchaguzi, kama Ubungo au Nyamagana. Jiji kubwa ni Vancouver, bunge liko Victoria, kisiwani.

Hoja yangu ni hii: mkoa haukuwahi kumwangusha. Waliomwangusha kila mara ni vikundi vidogo, iwe wanachama ukumbini, wapiga kura wa jimbo moja au wabunge ndani ya chumba kimoja.

Tuanze. Clark alizaliwa Burnaby mwaka 1965. Baba yake alikuwa mwalimu, akagombea ubunge wa mkoa mara tatu na mara zote tatu akakosa. Binti akapata 1996, jimbo la Port Moody-Burnaby Mountain, kwa tiketi ya Liberal. Uchaguzi huo wenyewe ulikuwa kituko: Liberal walipata karibu asilimia 42 ya kura, mahasimu wao wa mrengo wa kushoto, NDP, asilimia 39 na nusu, lakini NDP wakazoa viti 39 dhidi ya 33 na kuunda serikali. Mbunge mgeni akaanza kazi upinzani hali chama chake ndicho kilichopigiwa kura nyingi.

2001 upepo ukageuka vibaya sana kwa NDP. Liberal chini ya Gordon Campbell walichukua viti 77 kati ya 79. Clark akarudi bungeni, jimbo likiitwa sasa Port Moody-Westwood, akapewa wizara ya elimu na unaibu waziri mkuu. Mwaka 2004 akaachia ngazi, 2005 hakutetea kiti. Mwaka huohuo akataka umeya wa Vancouver, akakwama kwenye kura za maoni za NPA, chama cha siasa za jiji. Sam Sullivan alimpita kwa kura 69. Sitini na tisa, wakuu! Akaenda zake redioni, akawa na kipindi chake CKNW kwa miaka kadhaa.

Naendelea baadaye kidogo, kuna mgeni mlangoni.

Kidagaa

Nimeshaweka kiti na kahawa. Swali kabla hujarudi, mkuu: hao Liberal ndio chama cha Trudeau?

Mpekuzi wa Masanduku

Jina tu, Kidagaa. Liberal wa British Columbia walishaachana na wa Ottawa zamani. Kilikuwa mwavuli wa watu wawili wasiopendana, waliberali na wahafidhina, waliounganishwa na jambo moja: NDP wasiingie madarakani. NDP ni chama cha vyama vya wafanyakazi na mrengo wa kushoto.

Kabla ya mwavuli huo kulikuwa na mwingine ulioitwa Social Credit, wa W.A.C. Bennett, muuza duka la vifaa vya ujenzi kutoka mji wa Kelowna. Huyo naye ana rekodi yake. Aliingia bunge la mkoa 1941, akajaribu bunge la Ottawa 1948 akaangukia pua, akarudi mkoani 1949, akakihama chama chake 1951. Mwaka 1952 Social Credit wakapata viti 19 dhidi ya 18 vya CCF, babu yake NDP, katika bunge la viti 48. Kwa tofauti ya kiti kimoja akawa waziri mkuu, akakaa miaka 20. Uchaguzi wa 1952 wapiga kura walipanga wagombea kwa namba, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mfumo uliwekwa na Liberal na Conservative ili kuwazuia CCF, ukamfaidisha Bennett. Baada ya 1953 akaufuta.

Kelowna hiyo tutaipitia tena.

Bwana Shamba

Historia tamu, ila hoja yako bado haijasimama. Umeya wa jiji na kura za maoni za chama ni mambo tofauti na uchaguzi wa mkoa. Endelea nione.

Mpekuzi wa Masanduku

Narudi. Mwishoni mwa 2010 Campbell alitangaza kujiuzulu akiwa amechokwa. Alikuwa ameleta kodi mpya ya mauzo, HST, muda mfupi baada ya uchaguzi wa 2009, na watu waliona wamezungukwa. Clark akaacha redio, akaingia kinyang'anyiro cha uongozi wa chama.

Hapa kuna jambo la kuchekesha. Katika kundi zima la wabunge wa Liberal, aliyemuunga mkono ni mmoja tu, Harry Bloy. Wengine waligawanyika kwa akina Kevin Falcon na George Abbott. Lakini uamuzi ulikuwa wa wanachama, na kila jimbo lilipewa pointi 100, liwe na wanachama 200 au 5,000. Majimbo 85, pointi 8,500. Tarehe 26 Februari 2011, raundi ya tatu, Clark pointi 4,420, Falcon 4,080. Machi 14 akaapishwa.

Kwa hiyo waziri mkuu aliapishwa bila kuwa mbunge. Sheria ya kule haikatazi. Kinachombana ni mila: tafuta kiti upesi. Akagombea Vancouver-Point Grey, jimbo aliloacha Campbell mwenyewe, lenye nyumba za bei mbaya ufukweni upande mmoja na chuo kikuu cha UBC upande mwingine. Uchaguzi mdogo ukafanyika Mei 11, 2011. NDP wakamsimamisha mwanasheria kijana wa haki za raia, David Eby, ambaye wengi hawakumjua. Clark alishinda kwa kura mia tano na kitu.

Waziri mkuu mpya, jimbo la mtangulizi wake, na ushindi wa kura mia tano! Kengele ililia pale. Ila wenzake walishangilia, kwa kuwa serikali iliyoko madarakani ilikuwa haijashinda uchaguzi mdogo mkoani humo kwa takriban miaka 30.

Jirani wa Lang'ata

Mpekuzi, salamu kutoka Nairobi. Hili la kiongozi kutegemea jimbo moja sisi tulilijua vizuri kabla ya katiba ya 2010. Rais wa Kenya ilibidi awe pia mbunge wa kuchaguliwa. Kibaki alikuwa na Othaya. Mwaka 2007 Raila alikuwa na Lang'ata, na Stanley Livondo alimkalia kooni. Watu walikuwa wakipiga hesabu hadharani: hata Raila apate kura milioni ngapi, akiangushwa Lang'ata urais hana. Wengine walisema Livondo yupo pale kwa kazi hiyo tu.

Sasa niambie, kwa Clark angeondoka?

Mpekuzi wa Masanduku

Jirani, umenirahisishia kazi. Kenya ya zamani lilikuwa sharti la katiba, British Columbia ni desturi. Na kwetu Tanzania ibara ya 51 inataka Waziri Mkuu awe mbunge wa jimbo, ndiyo maana unasikia Majaliwa wa Ruangwa, Pinda wa Katavi, Lowassa wa Monduli. Mbunge wa kuteuliwa hawezi. Sasa soma mkasa wa 2013 uone desturi inavyonyooshwa.

Kufikia mapema 2013 kila mtu alimzika Clark akiwa hai. HST ilikuwa imekataliwa kwenye kura ya maoni ya wananchi 2011, kwa karibu asilimia 55. Tafiti zilionyesha NDP mbele kwa miezi na miezi. Kisha ukavuja waraka wa ndani juu ya namna ya kuvuna kura za jamii za wahamiaji, ukiwachanganya watumishi wa serikali na kazi za chama, akalazimika kuomba radhi. Wabunge wakongwe kadhaa, Falcon akiwemo, walitangaza hawatagombea. Magazeti yalishaanza kuandika baraza la mawaziri la Adrian Dix, kiongozi wa NDP.

Dix akaamua kufanya kampeni ya kistaarabu, bila matusi. Clark akavaa kofia ngumu ya kiwandani kila siku, akazunguka na basi lililoandikwa kwamba mkoa utakuwa hauna deni, akihubiri gesi asilia ya kusindikwa kuwa kimiminika na kupelekwa Asia. Aprili 22, katikati ya kampeni, Dix akatangaza kupinga upanuzi wa bomba la mafuta la Kinder Morgan, wakati awali alisema atasubiri maombi rasmi yawasilishwe. Clark akapata alichokitafuta: miji ya mbao, migodi na gesi ikaanza kuuliza ajira zitatoka wapi.

Tafiti za mwisho bado zilimpa Dix uongozi wa pointi nane au tisa. Usiku wa Mei 14 masanduku yakafunguliwa: Liberal asilimia 44, NDP asilimia 40 kasoro kidogo. Viti 49 kwa 34, chama cha Kijani, watetezi wa mazingira, kimoja, mgombea binafsi mmoja. Viti 49 ndivyo Campbell alivyopata 2009. Mama aliyezikwa hakupoteza hata kimoja kwa hesabu ya jumla.

Isipokuwa kimoja. Chake.

David Eby, yuleyule wa 2011, alimwangusha Point Grey kwa kura zaidi ya 1,000.

Kidagaa

Subiri. Amekishindisha chama chake mkoa mzima halafu yeye mwenyewe si mbunge? Usiku huohuo?

Mpekuzi wa Masanduku

Usiku huohuo. Alipanda jukwaani kusherehekea ushindi wa chama huku hesabu za Point Grey zikiwa zinamwendea kombo.

bintiKojani

Mimi nasoma sayansi ya siasa, na mwalimu wetu aliwahi kutupa mifano miwili mingine ya hukohuko Kanada. Robert Bourassa wa Quebec, 1985: Liberal wake walichukua viti 99 kati ya 122, yeye akaanguka jimbo la Bertrand, akaingia bungeni Januari 1986 kupitia Saint-Laurent. Na huyo Bourassa 1976 alishawahi kuanguka jimboni kwake Mercier akiwa waziri mkuu, aliyemwangusha akiwa mshairi, Gérald Godin. Wa pili ni Don Getty wa Alberta, 1989: chama kimeshinda kwa raha, yeye kaanguka Edmonton-Whitemud, akaenda kutafutiwa kiti Stettler, mji wa mashambani.

Kwa hiyo Clark si wa kwanza. Nadhani waziri mkuu huwa anaumizwa na ratiba: mpinzani yuko jimboni kila jioni akigonga milango, yeye yuko kilomita 800 kaskazini akipiga picha na wachimba gesi.

Bwana Shamba

Dada Binti, sababu ya ratiba ni nusu tu. Wapiga kura wa jimbo la waziri mkuu wana silaha ambayo wengine hawana. Wao wakisema hapana, hapana yao inamgonga mtu mwenyewe. Mtu wa mji mwingine kama Prince George akichukizwa na Clark anamwadhibu mbunge wake asiye na kosa. Mtu wa Point Grey anapiga palepale. Na wenye chuo kikuu na wenye nyumba za ufukweni walikuwa wanahofia meli za mafuta zikipita mbele ya madirisha yao.

Mpekuzi wa Masanduku

Bwana Shamba, hilo nalipokea. Ndiyo hoja yangu hasa.

Baada ya hapo ukaja msako wa kiti. Aliyejitolea ni Ben Stewart, mfanyabiashara wa mvinyo na mbunge wa Westside-Kelowna. Alikuwa ametoka tu kuchaguliwa, akajiuzulu kumpisha kiongozi wake. Kelowna tena, mji wa Bennett! Mwanawe, Bill Bennett, naye alirithi kiti cha baba huko 1973 kwa uchaguzi mdogo na baadaye akawa waziri mkuu. Clark mtu wa Burnaby na Vancouver akaenda kuomba kura kwenye mashamba ya mizabibu ya Okanagan. Julai 10, 2013 akashinda kwa zaidi ya asilimia 60.

Baadaye Stewart akapewa kazi ya kuwakilisha biashara za mkoa Asia, ofisi Beijing. Sisemi kitu.

Kidagaa

Umeshasema, mkuu 😂

Kipanga wa Surrey

Wakuu shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Mimi niko huku Surrey, ng'ambo ya mto Fraser kutoka Vancouver. Nimesoma uzi kimyakimya, ila tukifika 2017 naomba kipaza sauti, maana ule uchaguzi uliamuliwa na daraja, na mimi daraja hilo nalipita kila siku ya kazi.

Daraja la Port Mann lilijengwa upya enzi za Liberal, na kulipita kulikuwa kwa tozo. Golden Ears hivyohivyo. Mtu wa Surrey anayefanya kazi upande wa pili alilipa kwenda na kurudi, wakati madaraja ya wenye pesa kule Vancouver ni bure. Watu wa Kigamboni mnanielewa bila maelezo. Clark kwenye kampeni akaahidi kikomo: dereva asilipe zaidi ya dola 500 kwa mwaka. John Horgan wa NDP saa chache baadaye akasema tozo zote zinafutwa. Kazini kwetu hakuna aliyezungumzia gesi wala deni wiki ile. NDP wakachukua viti 6 kati ya 9 vya Surrey.

Na la pili: fedha za siasa. Kule hakukuwa na ukomo wa michango. Kampuni, vyama vya wafanyakazi, hata wageni walichangia. Gazeti la New York Times liliandika Januari 2017 juu ya mkoa wetu, watu wakaona haya. Clark mwenyewe alikuwa akipokea posho kutoka chama chake juu ya mshahara wa serikali, hadi dola 50,000 kwa mwaka, akaiacha mwezi huohuo.

Mpekuzi wa Masanduku

Asante Kipanga, umenipunguzia kazi. Namalizia hesabu.

Mei 9, 2017, viti vimeongezwa kuwa 87. Kupata wengi bungeni ni viti 44. Usiku ule Liberal 43, NDP 41, Kijani 3. Kila jicho likageukia Courtenay-Comox, kwenye Kisiwa cha Vancouver (si jijini), jimbo lenye kambi ya jeshi la anga. Usiku NDP waliongoza kwa kura 9. Wakati ule kura za posta na za waliopigia nje ya vituo vyao hazikuhesabiwa siku ileile, zilisubiri kama wiki mbili. Mkoa mzima zilibaki zaidi ya 170,000. Liberal wakigeuza zile tisa wanafika 44 na mchezo umekwisha. Zilipohesabiwa, mgombea wa NDP Ronna-Rae Leonard akawa mbele kwa 189.

Na jumla ya mkoa? Liberal asilimia 40.36, NDP asilimia 40.28. Tofauti ya kura 1,566 kati ya karibu milioni mbili. Clark safari hii jimboni kwake, lililobadilishwa jina kuwa Kelowna West, alishinda kwa urahisi kabisa.

Kijani wa Andrew Weaver wakazungumza na pande zote mbili, mwisho wa Mei wakasaini na Horgan. Clark hakuondoka. Akaita bunge, Juni 22 ikasomwa hotuba ya ufunguzi ya serikali yake iliyojaa ahadi za wapinzani wake, hata ya kupiga marufuku michango ya kampuni aliyokuwa akiikwepa miaka yote. Juni 29 ikapigwa kura ya imani: 44 dhidi ya 42. Mbunge wake mmoja alikuwa amekaa kiti cha Spika, ndiyo maana 43 wakasomeka 42. Akaenda kwa Judith Guichon, mwakilishi wa Malkia, kuomba bunge livunjwe na uchaguzi urudiwe. Guichon akakataa, akamwita Horgan. Julai 18 Horgan akaapishwa, na Septemba 1 tozo za daraja la Kipanga zikafutwa.

Sasa hesabuni. Mwaka 2005 ni kura 69 za ukumbini. Mwaka 2013 ni elfu moja na ushei za Point Grey. Mwaka 2017 ni 189 za Courtenay-Comox na wabunge wawili wa ziada. Ni lini mkoa ulimkataa?

Bwana Shamba

Sasa nakujibu, na usikimbie.

Mosi, 2013 alikuwa na asilimia 44, 2017 kabaki na 40. Viti 49 vimekuwa 43 na bunge limeongezwa viti viwili. Huko ni kuporomoka.

Pili, umeiruka asilimia ya Kijani. Walipata karibu 17. Jumlisha na 40 za NDP: watu 57 katika kila 100 walichagua vyama vilivyosema wazi vinataka ukomo wa michango na vinapinga bomba la Kinder Morgan. Mkoa ulimkataa, ila umeigawa kataa hiyo kwenye masanduku mawili, wewe unayahesabu kama maadui.

Tatu, ushindi wenyewe wa 2013 ulitokana na mwavuli kutovuja. Mwavuli si mapenzi ya mkoa.

Mpekuzi wa Masanduku

La kwanza ni kweli tupu. Lakini kuporomoka na bado ukabaki wa kwanza ni tofauti na kukataliwa.

La pili silikubali. Aliyepiga Kijani hakujua Weaver atakwenda wapi, maana Weaver mwenyewe alikaa meza moja na Liberal wiki nzima na zaidi. Huyo Weaver 2013 aliingia bungeni kwa kulitwaa jimbo la waziri wa Liberal, na kodi ya kaboni iliyoletwa na Liberal aliwahi kuisifu. Ukiwaweka wapiga kura wake wote kapu la kumpinga Clark unawasemea. Na ukitaka ushahidi, mwaka 2018 serikali ya NDP iliyoungwa mkono na Kijani iliwauliza wananchi kama wanataka mfumo wa uwiano wa kura, ambao ungefanya hesabu zako za asilimia 57 ziwe kawaida. Asilimia 61 wakasema tubaki na mfumo wa zamani.

Bwana Shamba

Kura ya maoni ya mfumo haihusiani na Clark. Mwaka 2005 watu hao hao waliukubali mfumo mpya kwa karibu asilimia 58, wakaambiwa haitoshi, kizingiti ni 60. Chama kilichoweka kizingiti hicho ni chama gani?

Mpekuzi wa Masanduku

Chama chake, wakati yeye akiwa waziri au ametoka tu. Ila aliyeanzisha mchakato ni Campbell, baada ya kidonda cha 1996 nilichokitaja juu. Tusimbebeshe Clark kila furushi.

bintiKojani

Kaka zangu, mmoja anasema kura, mwingine anasema viti, mtakesha. Nataka kujua mwisho wake. Alibaki bungeni?

Mpekuzi wa Masanduku

Hapana. Mwishoni mwa Julai 2017 alitangaza kuacha uongozi wa chama na kiti. Kelowna West ikaingia uchaguzi mdogo Februari 14, 2018. Mshindi: Ben Stewart. Yuleyule aliyempisha. Na 2020 akachaguliwa tena.

Kuondoka kwake kulimpa Horgan nafuu, maana hesabu ya bunge ilikuwa ya kamba nyembamba. Na Septemba mbunge mmoja wa Liberal, Darryl Plecas, akakubali uspika, chama chake kikamfukuza, NDP na Kijani wakapumua.

Kipanga wa Surrey

Ongeza la Januari 2025. Trudeau alipotangaza kuondoka, Clark alitajwa kwenye kinyang'anyiro cha Liberal wa Ottawa. Akahojiwa na shirika la utangazaji la CBC kama aliwahi kujiunga na Conservative, akakana, Conservative wakaonyesha uanachama wake. Siku chache baadaye akasema hagombei. Huku watu walicheka, ila mimi sikushangaa: mwavuli wa chama chake cha mkoani siku zote ulikuwa na watu wa pande zote mbili.

Bwana Shamba

Na mwavuli wenyewe umekufa. Walibadili jina 2023 wakaitwa BC United, kiongozi akiwa Kevin Falcon, yule aliyeshindwa na Clark 2011. Agosti 2024, wiki chache kabla ya uchaguzi, Falcon akasimamisha kampeni na kuwaachia uwanja Conservative wa mkoa. Hapo, Mpekuzi, utasema ni kikundi gani kidogo kilichowaangusha?

Mpekuzi wa Masanduku

Hapo ni mkoa. Lakini Clark alikuwa ameondoka miaka saba nyuma, usimwekee mzigo huo kwenye karatasi yake.

Kidagaa

Na yule kijana wa Point Grey?

Mpekuzi wa Masanduku

David Eby hajaanguka tena Point Grey tangu 2013. Akawa mwanasheria mkuu wa serikali chini ya Horgan, na Horgan alipoachia ngazi, Eby akaapishwa kuwa waziri mkuu Novemba 18, 2022. Aliingia bila uchaguzi mkuu, kama Clark 2011, ila yeye kiti alikuwa nacho. Oktoba 19, 2024 akaenda kwa wananchi: viti 93, NDP 47, Conservative 44, Kijani 2. Wengi wa kiti kimoja! Na kiti hicho kilichomvusha ni Surrey-Guildford, kilichopatikana kwa kura 22 baada ya kuhesabu upya mbele ya jaji.

Kipanga wa Surrey

Guildford ni jimbo langu. Tulikaa wiki na zaidi bila kujua serikali ni ya nani, na kila niliyekutana naye dukani alidai kura yake ni mojawapo ya zile 22.

Bwana Shamba

Kwa hiyo Eby naye anaongoza kwa kura 22 na wewe utaniambia mkoa umemkubali?

Mpekuzi wa Masanduku

Yeye alipata asilimia karibu 45, chama cha pili 43. Ndiyo, nitakuambia hivyo. Fungua uzi wako wa Eby nije nikujibu huko; mimi nimeshaanza kukusanya za Frank McKenna wa New Brunswick, aliyechukua viti vyote 58 kati ya 58 mwaka 1987 na kubaki na bunge lisilo na mpinzani hata mmoja. Kesho jioni nauweka.

Kidagaa

58 kwa 58? Nahamisha kiti na kahawa.